Bei ya Kumfikia Mwanachama: Vyama vya Usenge Kati ya SMS, WhatsApp na Barua Pepe

Bajeti ya chama inapojadiliwa, kifungu cha mawasiliano hupita bila maswali. Wanachama watabishana kuhusu injini ya boti, kodi ya ofisi na posho ya kamati, lakini ikifika zamu ya "mawasiliano" mtu atasema, "Tuna grupu la WhatsApp, inatosha," na ajenda inasonga mbele. Miezi sita baadaye mkutano mkuu unakosa akidi, nusu ya waliokosa wanaapa hawakuarifiwa, na katibu anaapa alituma. Wote wawili wanasema kweli.

Usenge ni mahali pazuri pa kulichambua suala hili kwa sababu vyama vya huko havifanani na vyama ambavyo kampuni za barua pepe huwa zinavifikiria. Mji huu wa Kaunti Ndogo ya Bondo, Kaunti ya Siaya, uko ukingoni mwa Ziwa Victoria, na Kisiwa cha Mageta kiko ng'ambo ya maji. Kuna chama cha ufuo, yaani BMU (Beach Management Unit). Kuna vyama vya akiba na mikopo, vikundi vya akina mama wanaokausha na kuuza omena, wafugaji wa samaki kwenye vizimba, vyama vya wanafunzi wa zamani, na vyama vya wana-Usenge wanaoishi Kisumu, Nairobi, Mombasa na ng'ambo, ambao huchangia matanga, karo na ujenzi wa nyumbani.

Kanuni za BMU za mwaka 2007 zilitambua mchanganyiko huo. Kamati ya ufuo ilitakiwa kuwa na wenye mashua, wafanyakazi wa mashua, wachuuzi wa samaki na wadau wengine kama mafundi wa mashua na nyavu, kila kundi kwa kiwango chake. Sasa jaribu kuwapa watu hao wote njia moja ya mawasiliano. Mwenye mashua tatu ana simu janja na bando la mwezi. Kijana anayevuta nyavu zake usiku ana kabambe, simu ya vitufe isiyo na WhatsApp, na betri yake huisha alfajiri. Mama muuza omena ana simu ya M-Pesa anayoijua kwa vidole, ila hajawahi kufungua barua pepe na hana sababu ya kuifungua. Mhandisi wa kutoka Usenge anayefanya kazi London huamka na kusoma barua pepe kabla ya kunywa chai. Ukichagua njia moja kwa ajili ya wote wanne, umeshaamua ni nani atakayekosa habari.

Swali la "huduma ipi ni rahisi" kwa hivyo lina sura mbili. Bei ya kutuma ujumbe ni sura ya kwanza, na ndiyo matangazo ya kampuni hushughulika nayo. Sura ya pili ni gharama ya mwanachama asiyefikiwa: akidi inayokosekana, mkutano unaoitishwa upya, mkopo usiolipwa kwa wakati, uchaguzi unaopingwa. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya Kenya inataka mkutano mkuu uitishwe kwa notisi ya maandishi ya angalau siku 15. Chama kisichoweza kuonyesha kwamba notisi ilitumwa, lini na kwa nani, kimeweka maamuzi yake yote mikononi mwa mwanachama mmoja mwenye hasira na wakili.

WhatsApp ndiyo njia ya kwanza kwa sababu ndiyo iliyopo. Tangu mwaka 2022 grupu moja linaweza kubeba watu 1,024, idadi inayotosha vyama vingi vya Usenge. Sauti hurekodiwa kwa Dholuo, picha ya risiti hutumwa hapo hapo, majibu huja mara moja. Katika mradi wa HIGHWAY, ulioratibiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani ili kupunguza vifo vya wavuvi ziwani, magrupu ya namna hii yalikuwa miongoni mwa njia zilizofikisha utabiri wa upepo na mawimbi kwenye fuo za Kenya. Kwa habari ya dhoruba inayokuja leo jioni, hakuna sababu ya kuidharau njia hiyo.

Lakini notisi ya mkutano si dhoruba. Inatumwa leo, inapaswa kukumbukwa baada ya wiki mbili, na katikati yake zitapita jumbe za rambirambi, siasa, mpira wa Gor Mahia na biashara za watu. Mwanachama mpya akiingizwa leo, kwa kawaida haoni jumbe za jana. Namba ya kila mtu iko wazi kwa kila mtu, na matapeli wanalijua hilo vizuri. Mwenye kabambe hayumo kabisa. Orodha ya kutangazia ya WhatsApp, ile inayomfikia kila mtu faraghani, ina kikomo cha majina 256, na ujumbe humfikia tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Katibu akibadilisha laini, orodha imekufa. Sipendekezi grupu livunjwe. Liachiwe kazi ya mazungumzo, na notisi zipewe njia nyingine.

Kwa ufuo, njia hiyo ni SMS, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu hapa ndipo pesa hupotea bila mtu kuona. Kando ya ziwa SMS si ngeni. Taasisi ya utafiti wa samaki, KMFRI, iliwahi kuendesha kutoka Kisumu huduma iliyowapa wavuvi bei za samaki za fuo mbalimbali kwa ujumbe wa simu, ili mchuuzi asiwe peke yake anayejua bei ya mbuta kule kwingine. Leo kuna kampuni nyingi Kenya zinazouza SMS za jumla, Africa's Talking ya Nairobi ikiwa miongoni mwa zinazojulikana zaidi. Bei huwa kati ya senti 30 na shilingi moja kwa ujumbe, kutegemea kampuni, mtandao na wingi unaonunua. Hulipwa kwa M-Pesa, kwa shilingi, na hakuna ada ya kila mwezi: usipotuma, hulipi. Ukitaka ujumbe uonekane umetoka kwa jina la chama badala ya namba, utalipia usajili wa jina hilo shilingi elfu kadhaa. Nashauri chama kilipie. Kando ya ziwa watu wametapeliwa kwa SMS kiasi kwamba namba ngeni inayotaja pesa hufutwa kabla ya kusomwa.

Sasa tazama hesabu yenyewe. Tuseme chama kina wanachama 600 na SMS moja ni senti 80. Katibu anaandika: "Mkutano wa wanachama ni Jumamosi saa nne asubuhi, banda la samaki Usenge. Ajenda: hesabu za mwaka na uchaguzi wa mweka hazina. Mgeni anatoka Ng'iya." Ujumbe huo una herufi 148, nafasi na alama zikihesabiwa. SMS moja hubeba herufi 160 za alfabeti ya kawaida ya simu, kwa hiyo ni SMS moja kwa kila mtu, na jumla ni shilingi 480.

Lakini katibu aliuandika kwenye kompyuta, kwa programu inayozipinda alama za kunukuu ili zipendeze. Ritifaa ya Ng'iya ikageuka kutoka mstari ulionyooka kuwa mkia uliopinda. Alama hiyo iliyopinda haimo kwenye alfabeti ya SMS. Ikiingia moja tu, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo, na sehemu moja sasa hubeba herufi 70, au 67 ujumbe ukigawanywa. Herufi 148 zimekuwa SMS tatu. Chama kinalipa shilingi 1,440 kwa ujumbe ule ule, na hakuna anayejua kwa nini salio limeisha. Lugha zetu zimejaa sauti hiyo: ng'ombe, ng'ambo, Kang'o, Ang'awa. Wanaoandika Dholuo au Kiswahili wanalipa kodi hii kila siku. Dawa yake ni kuandika ujumbe moja kwa moja kwenye ukurasa wa kampuni unaohesabu herufi, na kukataa kutuma hadi hesabu ionyeshe sehemu moja. Emoji pia ina madhara yale yale, iachiwe WhatsApp.

Kwa senti 80, jumbe mbili kila mwezi kwa watu 600 zitagharimu shilingi 11,520 kwa mwaka. Si kidogo kwa chama cha ufuo, lakini ni chini ya shilingi 20 kwa mwanachama. Mkutano mmoja usiofanyika kwa kukosa akidi hula zaidi ya hapo kwa nauli na chakula cha waliokuja bure.

Barua pepe basi ina kazi gani Usenge? Ina kazi kubwa, ila si kwa kila mtu. SMS haiwezi kubeba hesabu zilizokaguliwa, kumbukumbu za mkutano, rasimu ya katiba mpya au ripoti ya kamati ya mikopo. Wanachama walioajiriwa, walimu, wafanyabiashara wa Kisumu na hasa walio ng'ambo wanataka karatasi hizo, na ni hao hao ambao michango yao huendesha vyama vingi vya kijijini. Mtu anayetuma pesa kutoka Minnesota au Doha anastahili kuona zilivyotumika. Kwa kundi hili, barua pepe haina mshindani: haina kikomo cha herufi, inahifadhika, inatafutika, na ikitumwa vizuri gharama yake ni karibu na sifuri.

Tatizo ni kwamba makatibu wengi huituma kwa Gmail ya kibinafsi, anwani za watu wote zikiwa zimeanikwa juu ya barua. Gmail ya bure huruhusu wapokeaji 500 kwa siku. Ukizidisha, akaunti hufungiwa kwa muda. Hata kabla ya kikomo hicho, barua moja inayokwenda kwa mamia ya watu kutoka anwani ya mtu binafsi hunusa kama barua taka, na huangukia huko.

Ndipo watu hukimbilia Mailchimp, kwa sababu ndilo jina wanalolijua. Ni kampuni ya Atlanta iliyoanza mwaka 2001 na kununuliwa na Intuit mwaka 2021 kwa takribani dola bilioni 12. Kwa miaka mingi mpango wake wa bure ulibeba majina 2,000, na vyama vidogo duniani kote vilijenga mawasiliano yao juu yake. Baadaye kiwango hicho kilishushwa hadi majina 500. Chama chenye majina 900 kiliamka siku moja kikiwa mteja anayepaswa kulipa kila mwezi, kwa dola. Huo ulikuwa uamuzi wa kibiashara wa kampuni, na ni haki yake. Somo kwa chama ni kwamba huduma ya bure ni bei ya leo tu, na bajeti haijengwi juu yake.

Jambo la kuangalia kabla ya bei ni kinachohesabiwa. Kampuni nyingi hutoza kwa idadi ya majina unayohifadhi, utume usitume. Nyingine hutoza kwa idadi ya barua unazotuma. Chama cha wanachama hutuma mara chache: notisi, kumbukumbu, hesabu, salamu za mwisho wa mwaka. Majina yake ni mengi, barua zake chache. Kwa hiyo anayetoza kwa majina hukionea, na anayetoza kwa barua hukifaa. Brevo ya Ufaransa, iliyojulikana kama Sendinblue hadi 2023, ni ya aina ya pili, na mpango wake wa bure umekuwa ukiruhusu barua 300 kwa siku. Chama chenye wanachama 250 wenye barua pepe hutuma notisi yake asubuhi moja na kumaliza. Amazon SES ni nafuu kuliko hizo zote, senti kumi za dola kwa barua 1,000, lakini ni injini tupu isiyo na usukani. Inahitaji mtu wa kuifungia programu ya kuendeshea orodha. Bondo kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jaramogi Oginga Odinga, na mwanafunzi wa kompyuta anaweza kuiunganisha. Ila mwanafunzi huhitimu na kuondoka. Kama hakuna mwanachama anayeweza kuitunza baada yake, chama kilipe zaidi kidogo kwa huduma ambayo katibu wa kawaida anaimudu.

Dola yenyewe ni hatari inayosahaulika. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 124. Januari 2024 ilipita 160. Baadaye mwaka huo ikarudi karibu 130. Huduma ya dola 13 kwa mwezi ilipanda kwa zaidi ya shilingi 450 ndani ya mwaka mmoja bila kampuni kubadilisha chochote. Ongeza VAT ya asilimia 16 inayotozwa huduma za kidijitali kutoka nje. Na kadi ni ya nani? Vyama vingi havina kadi ya benki. Mweka hazina hutumia yake, kisha kadi inaisha muda au mweka hazina anaondoka, na huduma inakatika wiki ya mkutano mkuu. Kadi ya Visa inayotokana na M-Pesa, iliyozinduliwa mwaka 2022, imerahisisha malipo hayo, ila nayo imefungwa kwenye laini ya mtu.

Kuna gharama moja isiyokwepeka. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza masharti kwa watumaji wa barua nyingi: kikoa cha mtumaji lazima kithibitishwe kwa rekodi za SPF, DKIM na DMARC, kuwe na njia rahisi ya kujiondoa, na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3. Masharti makali zaidi yanawalenga wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku, na chama cha Usenge hakifiki huko. Lakini vichujio vinamtazama kila mtu kwa jicho hilo hilo. Kutuma kupitia huduma ya jumla kwa anwani inayoishia gmail.com sasa ni kama kutojitambulisha mlangoni. Chama kinunue kikoa chake, cha .or.ke kinachosimamiwa na KENIC, kwa kama shilingi elfu moja kwa mwaka, na rekodi hizo ziwekwe mara moja. Ni kazi ya alasiri moja kwa anayejua.

Kufikia hapa msomaji anaweza kudhani kiini cha suala ni kampuni. Naona kiini kiko kwingine, na historia ya Bondo inanisaidia. Miaka ya 1940 Jaramogi Oginga Odinga alianzisha chama cha akiba Bondo ambacho kufikia 1947 kilikuwa Luo Thrift and Trading Corporation, chenye wanahisa waliotawanyika Kenya nzima na nje yake. Shirika hilo lilijenga Ramogi House mjini Kisumu, na likaingia kwenye biashara ya uchapaji iliyotoa magazeti, likiwemo Ramogi la Dholuo ambalo Achieng' Oneko alikuwa mhariri wake. Watu wale hawakuwa na pesa za kuchezea. Walielewa kwamba mwanahisa aliyeko mbali, asiyesikia chochote kuhusu fedha zake, ataacha kuwa mwanahisa.

Mali inayolingana na hiyo leo ni rejista ya wanachama: jina, namba ya simu, barua pepe kama ipo, lugha anayoipenda, mahali alipo, na tarehe aliyokubali kutumiwa ujumbe. Rejista hiyo ikiwa safi, kuhama kutoka kampuni moja hadi nyingine ni kazi ya siku moja, na kampuni ikipandisha bei unaiaga. Ikiwa chafu, utalipia SMS zinazokwenda kwa laini zilizokufa na barua zinazorudi, na kila kampuni itaonekana ghali. Kando ya ziwa watu hubadilisha laini mara kwa mara, na namba iliyoachwa muda mrefu hugawiwa mtu mwingine, ambaye sasa anapokea habari za mikopo ya mtu asiyemjua.

Hilo linatuleta kwenye Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Vyama vingi vidogo, vyenye mapato yasiyofika shilingi milioni tano kwa mwaka na waajiriwa chini ya kumi, na visivyotoa huduma za kifedha, havilazimiki kujisajili kwa Kamishna wa Data. Msamaha huo ni wa usajili pekee. Wajibu wenyewe unabaki. Mwaka 2023 ofisi hiyo iliziadhibu kwa faini shule moja, kilabu kimoja cha starehe na kampuni moja ya mikopo iliyotumia namba za watu kuwatumia jumbe bila ridhaa yao. Fomu ya uanachama iwe na sentensi moja ya ridhaa na mahali pa kutia sahihi. Orodha isiuzwe wala kuazimwa kwa mgombea wa udiwani, hata akiwa mtoto wa nyumbani. Na akaunti ya huduma isajiliwe kwa anwani ya chama, watu wawili wakiwa na ufunguo, kwa sababu uchaguzi wa viongozi huleta ugomvi na katibu aliyeshindwa huondoka na nywila.

Kwa chama cha Usenge chenye wanachama mia kadhaa, msimamo wangu ni huu. SMS yenye jina la chama kwa wanachama wote, mara moja au mbili kwa mwezi, ilipwe kabla kwa M-Pesa na isizidi herufi 160. Barua pepe kutoka kikoa cha chama kwa wale walioiomba, kupitia huduma inayotoza kwa barua zinazotumwa, ikibeba hesabu na kumbukumbu. Grupu la WhatsApp kwa mazungumzo na hali ya hewa. Karatasi kwenye ubao wa banda la samaki ibaki pia, kwa maana ni bure na wapo wanaoitegemea. Kama pesa zinatosha kitu kimoja tu, zilipie SMS, na barua pepe isubiri. Chama cha wanafunzi wa zamani au cha wana-Usenge walio ng'ambo kigeuze mpangilio huo: barua pepe kwanza, SMS kwa michango ya dharura.

Nawaomba makatibu: kabla ya kupiga simu kwa kampuni yoyote, kaeni mezani siku ya kulipa ada, daftari mkononi, na mhakiki namba ya kila mwanachama akiwa amesimama mbele yenu. Kisha mwulizeni mwuzaji wa huduma swali moja kabla ya kuuliza bei: tukitaka kuondoka, orodha yetu tutaipata vipi? Akisita, mwacheni.